Jenereta Imetulia?

Faustina Kikoti hakuwa mtu wa kujishusha, na kwa nini ajishushe? Seva ya kiwanda cha maziwa cha ushirika wa wafugaji pale Iringa aliipokea kwenye boksi, akaifunga nyaya mwenyewe, na toka siku hiyo hakuna mkono mwingine ulioigusa. Wenzake aliosoma nao chuo walishakimbilia mabenki ya Dar. Yeye alibaki na seva yake, na ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwamba benki hazinuki maziwa. Kiwanda kizima kilimwita Mama Pendo, toka meneja mpaka wabeba makopo. Mzaliwa wa Tosamaganga, amelelewa na masista, maneno yake yamenyooka kama rula ya sista mkuu.

Sasa seva, kwa asiyeijua, ni kompyuta tu isiyolala. Hii ya Iringa ndiyo iliyosimamia tangi kubwa la kupoozea maziwa. Umeme ukikatika, seva inazimika, na jenereta ikiwashwa inaamka upya kama mlevi, haijui hata leo ni siku gani. Lazima kiwepo kitu cha kwanza kuamka ili kiamshe vingine. Kwa Faustina kitu hicho kilikuwa skripti, mafaili ya maandishi ya kawaida kabisa aliyoyaandika mwenyewe mstari kwa mstari. Moja liliamsha saa, jingine mtandao, jingine hifadhi ya data, kila moja likimngoja mwenzake aitike kwanza. Mwisho kabisa ndiyo ilikuja kompresa ya tangi, ile mashine inayoleta ubaridi.

Na hapo, kabla ya kompresa, Faustina alikuwa ameweka kitu ambacho sidhani kama kuna mtu mwingine duniani amewahi kukiweka. Aliweka swali. Seva ilisimama, ikaandika kwenye kioo, "Jenereta imetulia?" halafu ikangoja. Ukijibu ndiyo, kompresa inawaka. Usipojibu, seva inakungoja wewe, hata kama ni mpaka kiama.

Msimcheke. Miaka ya nyuma kompresa iliwahi kuwaka wakati jenereta bado inakohoa, umeme unapanda na kushuka, ikaungua. Maziwa ya asubuhi nzima yakamwagwa mtaroni. Faustina alikuwepo. Alimwona mama mmoja wa Ifunda amesimama pembeni anayaangalia maziwa yake yanavyokwenda, kisha akajifunga khanga vizuri akaondoka. Faustina aliumia kuliko kama angetukanwa. Wiki hiyohiyo akaliandika lile swali.

Na jibu lake alilipata kwa sikio. Akiwepo kiwandani, alitoka uani akasikiliza. Asipokuwepo, Bartholomeo, fundi wa mitambo, mtu mzima mpole mwenye mikono minene, alimpigia simu, akaielekeza simu kwenye jenereta. Faustina alifumba macho. Ile sauti ikiacha kuyumba, ikikaa sawa, alifungua laptop yake popote alipo, akaandika ndiyo. Bartholomeo alishajaribu kuamua mwenyewe, akashindwa. "Mimi nasikia kelele tu, Mama Pendo," alisema. "Wewe sijui unasikia nini."

Basi mambo yakaenda hivyo, kompresa haikuungua tena, na Faustina hakuwahi kwenda popote akatulia. Kwenye send-off ya Pendo, mwanawe wa pekee, umeme ulikatika katikati ya shughuli. Pendo aliitwa mbele na keki ya kumshukuru mama. Mama alikuwa nje nyuma ya ukumbi, kidole sikio moja, simu sikio la pili. Keki alilishwa shangazi. Pendo hakulalamika, alicheka tu na watu, lakini mama mtu aliuona ule mcheko na ukamkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Sasa Pendo alikuwa ameolewa Mbeya, kule Iyunga, na alikuwa mjamzito, mimba imefika ukingoni. Mwanamke akijifungua uzazi wake wa kwanza, mama yake ndiye anayekwenda kumkanda: maji ya moto, taulo, tumbo, mgongo, uji wa pilipili manga, mpaka arobaini iishe. Faustina alishamwahidi. Alishanunua na taulo.

"Safari hii nakuja," alimwambia kwenye simu, "na sitoki mpaka mtoto acheke."

"Na jenereta?" Pendo aliuliza.

"Jenereta itajiju."

Aliyasema hayo kwa ujasiri wote, na ukweli ni kwamba hakuwa na mpango wowote.

* * *

Mkuu wake wa kazi alikuwa Farhan, kijana wa Mbeya, mtoto wa wenye duka la vitambaa Mwanjelwa. Mstaarabu, swala zake kwa wakati, shati limenyooshwa. Aliendesha seva ya kiwanda cha Mbeya. Wa tatu wao alikuwa Anord, aliyekaa Makongolosi kwenye ghala la ushirika, ambako wachimba dhahabu wanakunywa mtindi utafikiri wamelipiwa. Hao watatu ndio waliokuwa walinzi wa seva zote za ushirika, na kwa muda mrefu walikuwa wanagombana juu ya jambo moja.

Farhan alitaka kuziondoa skripti zote za kuamshia na kuweka systemd. Hiyo ni programu moja inayosimamia uamshaji wote. Haiiti mmoja mmoja, inaamsha kila kinachoweza kuamka kwa wakati mmoja, na huduma ikianguka inaiinua yenyewe. Dunia karibu yote ilishahamia huko. Seva ya Mbeya nayo ilishahama, na iliamka kabla Farhan hajamaliza kunywa chai. Faustina alisema hapana. Kwenye kundi lao la WhatsApp walibishana mpaka Anord akazima mlio wa simu.

Hatimaye Farhan aliitisha kikao Makambako, katikati ya njia, ili asiwepo wa kusema kaonewa. Wakakutana mchana kwenye hoteli moja karibu na stendi, wakaagiza wali na kuku wa kienyeji. Wakakubaliana kwamba wakishapiga kura, maneno yaishe.

"Mama Pendo, shikamoo," Farhan alianza.

"Marahaba. Kula kwanza, usije ukasema nimekushinda ukiwa na njaa."

Farhan alitabasamu, lakini hakula. "Mfumo wa Iringa umezeeka. Waliotengeneza toleo lile wameacha kulitolea marekebisho ya usalama. Siku mtu akiingia humo, hatutajua hata alipitia wapi. Toleo jipya linakuja na systemd. Mimi sijalipenda kwa sababu ni jipya. Ndilo linalotunzwa."

"Yapo matoleo ya watu waliokataa hiyo systemd, na yanatunzwa vilevile," Faustina alijibu. "Unayajua. Usimfiche Anord."

"Yapo. Wanaoyatunza ni wachache."

"Na sisi hapa ni wangapi?"

Anord akacheka, akapaliwa na mchuzi.

"Haya, nikuulize," Faustina akaendelea, akasogeza sahani. "Seva yangu ikikwama, nafungua faili, nasoma. Maandishi. Nayasoma hata kwa simu, hata nikiwa kanisani, Mungu anisamehe. Ya kwako ikikwama, kumbukumbu zake imezifunga kwenye faili ambalo huwezi kulisoma kwa macho, mpaka programu yake yenyewe ikusomee. Yaani mgonjwa ndiye anakwambia anaumwa nini na ndiye anajiandikia dawa."

"Unaweza kuielekeza iandike maandishi ya kawaida pia."

"Naweza. Na kwa nini nianze kuibembeleza?"

Farhan alivuta pumzi. "Mama Pendo, mimi sigombani na maandishi. Nagombana na lile swali lako. Seva haiwezi kukaa inangoja mtu mmoja. Ukiugua je? Ukisafiri?"

Hapo ndipo alipomgusa penyewe, na hakujua. Faustina angeweza kusema palepale, mwanangu, umesema kweli, nina safari. Lakini mtu akishazoea kushinda, mdomo unatangulia.

"Ile kompresa iliyoungua," alisema taratibu, "ilikuwa haina swali. Iliamshwa haraka, kama unavyotaka. Na aliyemwagiwa maziwa siyo wewe wala mimi. Kuna mama Ifunda mpaka leo nikikutana naye sokoni namsalimia mimi kwanza, ingawa ni mdogo kwangu. Sasa niambie, Farhan. Hiyo systemd yako inayo masikio?"

Farhan akatikisa kichwa. Angeweza kubuni jibu, lakini uaminifu ulimkatalia. Anord akanyoosha mkono, akasema yeye yuko na Mama Pendo, kwa sababu siku ya yale maziwa alikuwa amekuja Iringa, na hataki tena kuiona siku kama ile. Kura mbili kwa moja. Farhan akakubali kiungwana, akavuta sahani, akaanza kula.

Faustina alishinda, na alijisikia vizuri, msidhani vinginevyo. Kwenye basi la kurudi Iringa alikuwa anajichekea peke yake dirishani.

* * *

Hawajafika Mafinga, simu ikaita. Pendo.

"Mama, dokta anasema ni wiki hii. Unakuja lini?"

Faustina alifungua mdomo, na mdomo ule uliotoka kumnyamazisha Farhan haukupata neno.

Pendo alisikia ule ukimya. Aliufahamu, alikuwa amekua nao. "Basi usijali, mama," alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. "Mama mkwe ameniambia, 'Kama mama yako ana kazi na jenereta, nitakukanda mimi.' Kashanunua na taulo."

"Amesema hivyo? Kazi na jenereta?"

"Hakusema kwa ubaya."

Joyness, mkwe mwenzake wa Iyunga, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Faustina. Kama angekuwa mbaya, angekuwa na wa kumkasirikia. Alikaa na simu mapajani, msitu wa misonobari unapita dirishani, akaona wazi kabisa alichokifanya kule Makambako. Alikuwa ametetea kamba inayomfunga yeye mwenyewe, na alivyotetea vizuri, wenzake wakampigia kura waikaze. Machozi yakamtoka. Jirani yake kwenye kiti akamuuliza kama kuna msiba. "Hakuna," akasema. "Nimeshinda tu."

Akampigia Farhan palepale.

"Farhan mwanangu. Iweke."

"Niweke nini, Mama Pendo?"

"Hiyo systemd yako. Weka Iringa."

"Si umeshashinda? Tumekubaliana maneno yaishe."

"Najua nimeshinda. Nimeshinda vibaya. Na usifurahi, maneno yangu yote yamebaki palepale, zile kumbukumbu zenu za kufungwafungwa bado ni upuuzi. Lakini mwanangu anajifungua wiki hii na mimi nakwenda kumkanda. Kwa hiyo njoo Iringa kesho, na njoo na jibu la lile swali. Itasikiaje?"

Na hapa nimpe Farhan haki yake. Asingekuwa mtu, angeringa. Yeye aliuliza jambo moja tu, na lilikuwa ndilo lenyewe. "Ukiisikiliza, huwa unasikia nini hasa?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Faustina akafikiri mpaka basi likaingia Mafinga.

"Nasikia inapanda na kushuka," alisema. "Inavuta, inaachia. Halafu inafika mahali inaacha kutafuta. Inapata kasi yake, inakaa."

"Kasi," Farhan alisema. "Kasi ya jenereta inapimika kwenye umeme wenyewe. Vipo vidude, navileta."

* * *

Kesho yake Farhan alishuka Iringa na mkoba mgongoni, na ndani ya mkoba kipimo kidogo cha umeme, kinaingia kiganjani. Kazi aliifanya Faustina mwenyewe. Farhan alitaka kukaa kwenye kibodi, akaambiwa akae kwenye stuli. Zile skripti alizifungua moja moja kwa mara ya mwisho, na kila moja akaitafsiri kwa lugha mpya: wewe ni nani, unamngoja nani, ukianguka nani akuinue. Kufika mchana alishazoea. Jioni alikuwa anamsahihisha Farhan kwenye mafaili ya Mbeya aliyokuja nayo kama mfano.

"Hapa mmeandika kwamba hifadhi ya data inauhitaji mtandao," alimwambia. "Lakini hamkuiambia iungoje. Hakuna anayemngoja mwenzake hapo. Mmebahatika."

Farhan akasogea, akaangalia, akakuna kichwa. "Kweli," alisema, akatuma marekebisho Mbeya hapohapo.

Siku iliyofuata wakamaliza sehemu ngumu. Bartholomeo alikata swichi kuu, akawasha jenereta. Faustina alisimama uani, macho kafumba, Farhan kando yake na kipimo. Sauti ilipokaa, Faustina alisema, "Sasa." Farhan aliangalia namba, akaiwekea alama. Wakazima. Wakarudia, na wakarudia tena, mpaka Bartholomeo akauliza jenereta imewakosea nini. Kila aliposema sasa, namba za kipimo zilikuwa zimeacha kuyumba. Sikio lake halikuwa uchawi. Alifurahi kulijua, na akasikitika pia, kama mtu aliyeambiwa kwamba mapishi yake ya siri yanajulikana na mtaa mzima.

Wakaiandikia seva sharti: kompresa isiwake mpaka kipimo kitulie na kibaki kimetulia. Lile swali Faustina alilifuta yeye mwenyewe. Alikaa kidogo kidole kiko juu ya kibodi, halafu akabonyeza.

Jaribio la mwisho hakuna aliyejibu chochote. Bartholomeo akakata, akawasha, wote wakasimama uani mikono mitupu. Jenereta ikakohoa, ikavuta, ikaachia. Faustina alihisi neno linapanda kooni, na kabla halijatoka, kompresa ikanguruma.

"Imenitangulia," alisema.

"Kidogo tu," Farhan akamwambia.

"Kidogo ni kutangulia." Akacheka mpaka akashika ukuta, na alipomaliza kucheka akajifuta macho na ncha ya kitenge. Kisha akaenda kufunga begi.

* * *

Mtoto alizaliwa Faustina akiwa ameshafika. Wa kike, kichwa kimejaa nywele. Joyness alimpokea mkwe mwenzake mlangoni, akamwangalia begi, akamwangalia usoni, akamkabidhi zile taulo alizokuwa amezinunua. Wakagawana kazi: Joyness uji na supu, Faustina maji.

Alasiri moja, Iyunga imetulia, malori tu yananguruma barabara kuu, Faustina alikuwa chumbani na beseni la maji ya moto. Pendo amekaa kwenye kigoda, mgongo wazi. Mtoto kalala kitandani. Ndiyo kwanza taulo linagusa mgongo, taa ikazimika. Redio ya Joyness sebuleni ikakata katikati ya sentensi.

"Umeme umekwenda," Joyness aliita. "Mtaa mzima."

Haukuwa mtaa tu. Redio ndogo ya betri ya jirani ilisikika ikitangaza kwamba nyanda za juu zote ziko gizani, Mbeya, Njombe, Iringa. Pendo aliinama, mabega yakapanda kidogo. Hakugeuka. Alikuwa anaingoja simu ya mama yake iite, kama alivyoingoja maisha yake yote.

Simu ilikuwa juu ya kabati, kioo juu. Faustina aliiangalia. Alikanda bega la kulia, akaiangalia. Alikanda la kushoto. Sasa hivi Bartholomeo anavuta waya. Sasa inakohoa. Sasa inavuta. Haikuita. Kilichomshika kifuani siwezi kukificha, kilikuwa wivu, wivu mtupu, wa mtu aliyesikia kwamba nyumbani wamekula bila yeye na wameshiba.

Hakuvumilia. Alijifuta mikono, akachukua simu, akapiga mwenyewe.

"Mama Pendo," Bartholomeo aliitika, "tumeshawaka zamani. Tangi liko baridi. Kuna shida?"

"Hakuna shida. Nielekezee simu, niisikie."

Bartholomeo hakuuliza. Ikaja ile sauti, nene, imekaa, na chini yake kompresa. Faustina akafumba macho. Kila kitu kilikuwa sawa, na hakuna aliyemngoja.

"Mama," Pendo alisema, bado mgongo umegeuka, sauti ndogo. "Maji yanapoa."

Miaka yote ile, aliyekata simu alikuwa Bartholomeo, kazi ikiisha. Safari hii Faustina aliikata yeye, jenereta inaendelea kunguruma, akaitia chini ya mto. Akapiga magoti, akachovya taulo, akalikamua.

"Hayajapoa," alisema. "Kaa sawa nikukande."